Kuigiza Maafa Yasiyofika

Katika desturi zetu yapo mambo ambayo mtu mwenye adabu hayatamki wala hayatendi ovyo. Mtoto anayejilaza chali na kujifunika shuka gubigubi, akijifanya maiti, huinuliwa kwa kofi. Anayepiga kelele za moto ilhali hakuna moto hukemewa na jirani hata kabla mzazi wake hajatoka nje. Tendo hilo lina jina lake, nalo ni uchuro. Anayelitenda huwachuria wenziwe, yaani anauita mkosi, na mkosi ukiitwa huenda ukaitika. Tusiharakishe kuicheka imani hii kwa sababu tumesoma jiografia. Ndani yake mna heshima kwa maumivu ya watu: jambo lililoua wapenzi wa mtu si la kuchezewa mbele yake.

Siku hizi walimu na wasanii wanaombwa mara kwa mara watunge michezo ya kuigiza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ili wananchi waanze kuzungumza jinsi watakavyojiandaa kwa mafuriko, ukame na vimbunga. Maombi hayo ni mema. Lakini yanatuletea swali la maadili ambalo, kwa maoni yetu, halijaulizwa inavyostahili: je, tuna haki gani ya kuwasimamisha vijana uwanjani wawaonyeshe watu gharika ambayo bado haijafika, mbele ya wale ambao ndio watakaofikwa nayo? Na tukiwa na haki hiyo, inatudai nini?

Tuanze na tukio tuliloliona. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti, tulialikwa kutazama mchezo wa wanafunzi wa sekondari katika kijiji kimoja cha bonde hilo. Watu walikaa chini ya mwembe, wazee kwenye viti, akina mama na watoto mikekani. Mchezo ulikuwa na Mzee Mbishi, aliyeketi kwenye kigoda, na Afisa, aliyeshika karatasi. Afisa alisoma kwamba mvua za masika zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, akamwambia Mzee ahame. Mzee akatikisa kichwa. Afisa akarudia, Mzee akatikisa kichwa tena. Kisha wanafunzi wanane wakaingia mbio wakipeperusha kanga za buluu, wakamzunguka Mzee, wakamwangusha, naye akafa maji. Kundi zima likamaliza kwa kutamka pamoja kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Watu hawakupiga makofi. Bibi mmoja, mtu mzima sana, alisimama kwa kujishika begani kwa mjukuu wake. Alisema, "Wajukuu zangu, msituchurie." Tukadhani mambo yameishia hapo, na mwalimu alikwisha kuinuka ili aombe radhi. Lakini Bibi hakuketi. Akauliza, "Na huyu mzee mliyemzamisha, mbona hamkumpa hata neno moja la kujieleza? Amekataa kuhama kwa nini?"

Kijana aliyekuwa Mzee Mbishi alikuwa bado amelala chini, kanga ya buluu kifuani. Akajiinua nusu, akasema kwa heshima, "Shikamoo Bibi. Hatujui. Yeye angesema nini?"

Bibi akaenda mpaka kwenye kigoda, akakikalia. Akamgeukia Afisa, ambaye alikuwa kijana wa kidato cha tatu, akamwuliza: "Ukiniambia nihame, mwanangu, shamba langu nalo litahama?" Watu wakacheka. Kijana akaangalia karatasi yake upande wa mbele na upande wa nyuma. Bibi akaendelea: "Maji yakiondoka, nani atanipa mbegu? Na mtumbwi wa kunitoa ni wa nani, maana wenye mitumbwi huanza na watu wao?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa amekaa mbele alianza kutazama viatu vyake.

Tunadai kwamba mchezo wenyewe ulianza pale Bibi alipokaa kwenye kigoda. Yote yaliyotangulia yalikuwa tangazo lililovishwa kanga. Na tuangalie jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu yule yule aliyelaani uchuro ndiye aliyeingia kuigiza. Hakuona kinyume chochote, nasi tukitafakari tunaona kwamba hakukuwa na kinyume. Alichokataa ni kuchezewa. Alipopewa nafasi ya kucheza mwenyewe, alikuwa na mengi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Utani wa makabila yetu umekuwa na ruhusa hiyo tangu zamani. Katika msiba, wakati ndugu wa marehemu hawawezi kusema lolote ila mema, mtani huingia akiwa amevaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai madeni yake na kutangaza ubahili wake. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Lililokuwa haramu kwa kinywa cha ndugu ni halali kwa kinywa cha mtani, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba ni mchezo, na kila mmoja anajua vilevile kwamba ni kweli. Hali kadhalika katika jando na unyago. Mwari huonyeshwa kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa maigizo mambo ambayo hayajamfika bado: ndoa, uzazi, ugomvi wa nyumbani, ugonjwa. Hakuna aliyesema kwamba somo anamchuria mwari. Kumbe wahenga wetu walijua njia ya kuyatazama ya kesho bila kuyaita: uwepo uwanja maalumu, awepo mwenye ruhusa, na yule anayeonyeshwa awe ndiye mwenye faida.

Kwa hiyo jibu letu kwa sehemu ya kwanza ya swali ni kwamba haki ipo, na imo katika utamaduni wetu wenyewe. Ugumu uko katika sehemu ya pili.

Michezo yetu mingi ya namna hii, na hasa ile ya shuleni, imerithi umbo lake kutoka kwa ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala na washairi wenzake waliitumia ngonjera kueneza siasa ya nchi, nayo ikaenea katika shule zote. Ilikuwa na nguvu zake, kwani iliwafanya watoto wasimame na kusema kwa sauti mbele ya wazazi wao. Lakini umbo lake la kawaida lilikuwa la watu wawili, mjuzi na asiyejua, ambapo asiyejua hubisha kidogo ili mjuzi apate la kujibu, kisha hukubali na kushukuru. Katika maisha ya kweli asiyejua hakubali upesi namna ile, na mara nyingine si kwamba hajui. Mzee Mbishi ni mtoto wa ngonjera. Amepewa kichwa cha kutikisa, hakupewa kinywa.

Historia imekwisha kutuonyesha gharama ya kumwona mkulima kuwa ni kichwa cha kutikisa. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuhifadhi udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, wataalamu hawakuusingizia. Lakini wakulima waliona kazi ni kubwa na mavuno hayaongezeki, na hakuna aliyewauliza. Mwaka 1955 kukazuka vurugu, na mpango ule ukafa. Ubaya ulioje wa jambo hili ni kwamba baada ya hapo hata shauri jema kuhusu udongo lilisikika kama amri ya mkoloni. Onyo likishatolewa kwa kiburi huharibu masikio ya onyo linalofuata.

Turudi Rufiji, maana huko ndiko swali la Bibi linakopata uzito wake wote. Mtu wa mbali akisikia "mafuriko" huona maafa matupu. Mrufiji huona mambo mawili kwa pamoja. Maji yanapopanda huleta rutuba, na yanapoondoka huacha udongo wenye unyevu ambao hupandwa mahindi na kunde bila kungoja mvua. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Mafuriko yasipofika kabisa ni mwaka wa shida, na yakizidi ni mwaka wa shida vilevile. Katika mashamba ya bondeni watu walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalinda mazao yao humo na kulala juu ya maji kwa majira. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vipya kwenye miinuko. Nia ilikuwa kuwaokoa na kuwapatia shule na zahanati, na shule zilipatikana. Lakini mashamba hayakuweza kupandishwa mlimani, kwa hiyo watu waliendelea kuteremka bondeni kila majira. Bibi aliyeuliza kama shamba lake litahama alikuwa anauliza swali ambalo bonde zima lilikwisha kulijibu kwa miguu yake kwa zaidi ya miaka hamsini.

Sasa maji yenyewe yamebadilika tabia. Mvua kubwa hunyesha kwa siku chache, ukame nao huja pasipotazamiwa. Juu ya mto kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na gharika ya 2024 ilipofika watu walibishana sana iwapo bwawa liliyazidisha maji au liliyapunguza. Hatukusudii kuamua ubishi huo hapa. Tunachosema ni kwamba mchezo wowote utakaochezwa Rufiji bila kuutaja, watazamaji wataujaza wenyewe kimoyomoyo, na kuanzia hapo hawatakuwa wanausikiliza tena. Mzee wa bondeni alijua zamani kuusoma mto kwa rangi ya maji, kwa ndege, kwa upepo. Leo alama hizo zimechanganyika, na karatasi ya Afisa ina maneno ambayo hayajageuzwa kuwa maarifa. "Juu ya wastani": wastani wa nani, na juu kiasi gani, hadi kwenye kizingiti cha nyumba au hadi kwenye paa? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kwa uangalifu wa kitaalamu, kama ipasavyo. Kazi ya kuuliza utabiri huo utafika wapi katika nyumba ya fulani ndiyo kazi ambayo mchezo unaweza kuifanya na karatasi haiwezi.

Hapa yafaa tuwakumbuke waliotutangulia. Mnamo 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda kufanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi. Waliishi na watu, wakauliza, wakawaacha wenyeji wachague tatizo lao, kisha mchezo ukatungwa kwa ngoma na michezo iliyokuwako pale pale, na baada ya onyesho pakawa na majadiliano. Kabla ya wakati huo, huko Amerika ya Kusini, Augusto Boal wa Brazil alikuwa amezoea kuusimamisha mchezo katikati na kumwita mtazamaji aje achukue nafasi ya mhusika aonyeshe angefanyaje. Bibi wetu hakupata kusikia habari za Boal, wala hakuhitaji.

Lakini watu wengi wanaosifu njia hii hupitia haraka jambo moja ambalo kwetu ndilo kiini cha maadili yake. Ukimwalika mtu aseme mbele ya kijiji kizima, umejifunga. Swali lililotamkwa kwenye mkutano wa hadhara haliwezi kurudishwa kinywani. Kama hakuna mtu aliyeandaliwa kulijibu, au angalau kulipokea, basi mchezo umemtoa mtu uchi ukamwacha hapo, na hapo ndipo unapogeuka kuwa uchuro kweli: maafa yametajwa, hofu imeamshwa, na mlango umefungwa. Tungependelea kijiji kisichoonyeshwa mchezo wowote kuliko kijiji kilichoonyeshwa gharika yake na kuambiwa kwaherini.

Mfano wa mjini unatusaidia. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, wengi wakiwa wa sehemu za mabondeni. Familia za Bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi yao walirudi bondeni. Wakaitwa wakaidi, na tukiri kwamba hata sisi walimu tulilitumia neno hilo darasani. Ila mtu anayeuza samaki wa kukaanga, ambaye wateja wake wako Kariakoo na nauli inamla faida yote, anafanya hesabu kama afanyavyo mhasibu. Anapima hatari inayokuja mara moja kwa miaka kadhaa na njaa inayokuja kila jioni. Huenda hesabu yake ina kosa. Basi tumwonyeshe kosa liko wapi, nasi tukubali kuonyeshwa lililo katika hesabu yetu. Mchezo wa kumzamisha ili ajifunze humtwika lawama ya maji.

Tena kuna lawama kubwa zaidi ambayo mwanafunzi mwerevu hatakosa kuiuliza. Bara zima la Afrika limechangia sehemu ndogo sana ya moshi uliolipasha joto anga la dunia. Mlimaji wa mlau hakuchangia karibu chochote. Ni haki gani basi kumwambia yeye ndiye ajiandae? Tunaona kwamba swali hilo liachwe lisikike uwanjani kwa ukali wake. Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai, na wakati anadai ana haja ya kuwa hai. Mambo hayo mawili hayagombani.

Upo upande mwingine wa hatari, nao ni matumaini ya uongo. Ebrahim Hussein alituandikia *Kinjeketile*, mchezo uliochapishwa mwaka 1969, ambao chanzo chake ni nchi hii hii ya Rufiji na Matumbi na Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905. Humo tunamwona mtu aliyewapa watu maji na neno, na neno likamponyoka. Kila mtunzi wa mchezo wa tahadhari angefaa ausome upya. Ni rahisi kumaliza mchezo kwa kuonyesha kijiji kimepanda miti, kimeimba, na mafuriko yamekoma. Misitu ya mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo ina hekta 50,000 hivi, hakika ni ngao ya pwani na inastahili kulindwa. Lakini kijana asiwaambie watu kwamba wakiotesha mikoko leo, masika ijayo watalala salama. Tukiwapa watu maji ya namna hiyo, watatuamini mara moja tu.

Kwa wale wanaosema kwamba haya yote ni mambo mapya ya kutishia watu, tutaje kwa kifupi kwamba mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1952 kingine kikaipiga Lindi. Hata hivyo Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwezi Mei 2024, tuliwasikia watu wenye elimu wakisema kwamba Tanzania haifikiwi na vimbunga. Kumbukumbu isiyochezwa wala kuimbwa hufa pamoja na waliokuwapo. Pengine njia nyepesi kwa mwalimu anayeogopa kuchuria ni kuanzia na yaliyokwisha kutokea: wanafunzi wawaulize babu na bibi zao, waigize mwaka ule, kisha waulize kama ungerudi.

Tumalizie habari ya kijiji kile. Mwalimu wa mchezo hakukata tamaa wala hakununa. Alikuwa kijana, na hili twalisema kwa sifa. Wiki mbili baadaye alialika watu tena. Kanga za buluu hazikuwapo na hakuna aliyezama. Palikuwa na vigoda viwili vitupu chini ya mwembe, kimoja cha mtu wa bondeni, kingine cha Afisa, na wanafunzi walianza tu kwa kupuliza baragumu, maana mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Aliyetaka alikwenda kukaa. Mvuvi alikaa, akaeleza kwa nini mtumbwi wake haumpakii kila mtu. Msichana wa kidato cha pili alikaa, akauliza usiku mto ukipanda nani ataigonga milango ya wasiosikia vizuri. Bibi alikaa tena kwenye kigoda chake, akangoja. Kile cha Afisa kilibaki kitupu mpaka watu wakaanza kumwangalia mtendaji wa kijiji, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa na baiskeli yake. Akaenda akakikalia. Bibi akamrudishia maswali yake yote matatu, yale yale, kwa mpango ule ule. Mtendaji hakutoa hotuba. Aliomba apewe mpaka Jumamosi.

Jumamosi alikuja na daftari. Alikuwa amehesabu mitumbwi yote ya kijiji, ikawa kumi na mmoja, minne ikiwa inavuja. Wenye mitumbwi saba mizima walikubali majina ya jirani watakaowachukua yaandikwe, na yakasomwa pale pale. Kuhusu mbegu, alisema chumba kimoja cha shule kwenye mwinuko kinaweza kuwa ghala, endapo wazazi watatengeneza mlango. Kuhusu shamba, alisema hana jibu, wala hamjui aliye nalo, ila swali ameliandika kwenye barua ya wilaya kama Bibi alivyolisema. Bibi akamwomba asome sentensi hiyo. Akaisoma. Bibi akasema neno moja limeachwa, nalo ni "langu", akamngoja aliandike.